Si kila banda ni zizi: Maneno ndani ya majengo ya shamba kongwe la Essex

Wiki jana mwanafunzi mmoja wa kozi yangu ya tafsiri aliniletea kurasa nne alizozitafsiri kutoka Kiingereza. Matini yenyewe ilieleza habari za shamba kongwe la Uingereza na majengo yaliyouzunguka ua wake: pa kuweka farasi, pa kuweka ngano, pa kuegesha mikokoteni. Kisarufi kazi ilikuwa safi. Shida ni kwamba kila jengo lenye mnyama ndani lilikuwa "zizi", na kila jengo lenye nafaka lilikuwa "ghala". Nilihesabu: zizi mara 19, ghala mara 22. Nilipomuuliza, alinijibu kwa unyenyekevu: "Lakini Mwalimu, kamusi ndiyo iliyonipa hayo. Na sisi tutajuaje, ikiwa farasi wenyewe tunawaona Ngong siku ya mashindano tu?"

Jibu hilo lilinikera kidogo, kisha likaninyamazisha. Maana mimi nina sababu ya kujua. Marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa saisi katika shamba la mlowezi mmoja upande wa Molo. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Vijana wengi hawalijui neno saisi siku hizi. Ni mtunza farasi: anayemlisha, anayemsugua, anayemtandika na kumwongoza hadi kwa mpandaji. Asili yake ni Kiarabu. Waingereza nao walilikuta Bara Hindi, wakaja nalo huku kwetu likiwa na matamshi yao. Kwa hivyo neno moja likaingia Kenya kwa njia mbili, kwa jahazi na kwa mlowezi, na likamkuta babu akiwa na fagio mkononi.

Hata hivyo, alipokuwa hai sikuwahi kumuuliza vitu vya mle bandani viliitwaje. Nilikuwa na shughuli zangu za kusomea lugha.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Uingereza kwa kongamano, na alasiri moja mwenyeji wetu akatupeleka mahali panapoitwa Cressing Temple, kati ya miji ya Witham na Braintree katika kaunti ya Essex. (Naam, kaunti. Sisi tunaliona neno hili kuwa la Katiba ya 2010, lakini wenzetu wamelitumia kwa karne nyingi.) Pana majengo mawili makubwa ya mbao ambayo ni miongoni mwa ya kale zaidi ya aina yake yanayosimama hadi leo. La kwanza huitwa la Shayiri, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 13. La pili huitwa la Ngano, ni la nusu ya pili ya karne hiyohiyo. Kando yake kuna majengo ya enzi za baadaye sana: la kuhifadhia nafaka iliyokwisha kupurwa, banda la farasi, kivuli cha mikokoteni. Ukiingia katika lile la Shayiri, jambo la kwanza ni giza, la pili ni urefu wa nguzo. Ni mialoni mizima iliyochongwa kwa shoka, ikasimamishwa safu mbili, juu yake boriti zimepachikwa moja ndani ya nyingine kama vidole vya mtu anayeomba.

Viungo hivyo vya mbao ndivyo vilivyofichua umri. Watu walikuwa wameyadhani majengo haya kuwa machanga zaidi, hadi katikati ya karne iliyopita alipokuja mtafiti Cecil Hewett. Hewett aliangalia namna seremala alivyokata ulimi wa boriti na namna alivyoutia katika tundu lake, akalinganisha jengo kwa jengo, akasema hiki ni cha kale kuliko hiki. Vipimo vya kisayansi vya mbao vilivyofuata vikayarudisha majengo hadi karne ya 13. Msomaji wa safu hii atakuwa ameshaitambua mbinu hiyo. Ndiyo tunayoitumia sisi tunapolinganisha maumbo ya neno moja katika Kiswahili, Kigiriama na Kipokomo ili tujue lipi lilitangulia.

Sasa turudi kwenye "ghala". Neno la Kiingereza kwa majengo haya ni "barn". Katika Kiingereza cha kale lilikuwa maneno mawili: moja la shayiri, jingine la nyumba. Nyumba ya shayiri, basi. Kwa hivyo wenyeji wa Cressing wanapoliita jengo lao la Shayiri kwa jina lake rasmi, wanasema nyumba ya shayiri ya shayiri bila kujua, kama vile sisi tunavyosema "maji ya H2O" kwa mzaha.

Lakini kosa la mwanafunzi wangu halikuwa la etimolojia. Ghala ni pa kuweka. Unatia gunia, unafunga mlango, unaondoka. Jengo hili lilikuwa pa kufanyia kazi. Miganda ya ngano ililetwa toka shambani ikiwa na masuke yake, ikarundikwa pande zote mbili hadi karibu na paa. Katikati paliachwa sakafu ngumu iliyo wazi. Hapo ndipo watu waliposimama majira yote ya baridi, wakati udongo wa nje umeganda na hakuna jembe linaloingia, wakapura. Chombo chao kilikuwa vipande viwili vya mti vilivyounganishwa kwa ngozi: kimoja kirefu cha kushika, kingine kifupi cha kupiga. Watu wawili walitazamana na kupiga kwa zamu. Ukikosea mdundo unampasua mwenzako kichwa. Milango mikubwa ya mabanda ya namna hii aghalabu hutazamana, mmoja upande huu na mwingine upande ule, ili upepo upite katikati na kupeperusha makapi wakati wa kupepeta. Mlango ule mpana, kumbe, ni kifaa cha kazi sawa na ungo wa bibi yangu.

Ndiyo maana nilimwandikia mwanafunzi pembeni, kwa wino mwekundu: "banda la kupuria". Wanaojua Biblia ya Kiswahili watakumbuka pia neno uwanda kwa sakafu hiyo ya kupuria. Ghala tuliachie jengo lile dogo linalopokea nafaka ikishakuwa safi. Huko Uingereza ghala la aina hiyo mara nyingi liliinuliwa juu ya mawe yaliyochongwa mfano wa uyoga, yaani mguu mwembamba na kofia pana, ili panya apande na kukwamia chini ya kofia. Nilipoyaona mawe hayo nilicheka peke yangu. Nyumbani tuliweka vipande vya bati vya mviringo kwenye miguu ya ghala la mahindi, kwa hila ileile. Panya ni yuleyule.

Kuna kosa jingine ambalo si la mwanafunzi wangu. Waingereza wenyewe wana mazoea ya kuliita kila banda kubwa la kale "banda la fungu la kumi", wakidhani kila moja lilijengwa kuweka zaka za kanisa. Yapo yaliyokuwa hivyo. Ya Cressing hayakuwa. Shamba hili lilitolewa mwaka wa 1137 na Malkia Matilda, mke wa Mfalme Stephen, kwa Watempla, shirika la watawa wapiganaji. Mazao yake yalikuwa mali yao wenyewe, na faida ya mashamba kama haya iligharimia Vita vya Msalaba huko Mashariki ya Kati. Hebu fikiri: mtu anapura shayiri Essex, mkono umekufa ganzi kwa baridi, ili farasi fulani ale na kupigana karibu na Yerusalemu. Tena wapuraji wengi hawakuwa huru kwenda wapendako. Walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya bwana, na siku kadhaa za kila wiki zilikuwa zake.

Papa alilivunja shirika la Watempla mwaka wa 1312, na Cressing ikaenda kwa shirika la Mtakatifu Yohana. Mwaka wa 1381 serikali ya Uingereza ilidai kodi ya kichwa kwa mara ya tatu katika muda wa miaka minne, safari hii peni 12 kwa kila mtu aliyezidi umri wa miaka 15, tajiri kwa maskini. Essex ikalipuka. Mkuu wa shirika la Mtakatifu Yohana nchini humo, Robert Hales, ndiye pia aliyekuwa mweka hazina wa mfalme. Kwa hivyo tarehe 10 Juni waasi walifika Cressing na kuipora. Siku nne baadaye Hales mwenyewe alikatwa kichwa London. Mabanda mawili yalibaki yamesimama. Wapo watakaosema ilikuwa bahati. Mimi naona mkulima mwenye akili huchoma hati za madeni, hachomi mahali anapopuria.

Kodi ya kichwa! Nilipolisoma hilo katika kibao cha maelezo nilisimama. Hilo ndilo neno lililomtoa babu kijijini. Serikali ya kikoloni iliiweka kodi ya kichwa hapa mwaka wa 1910, juu ya kodi ya nyumba iliyokuwapo, na ililipwa kwa fedha taslimu. Fedha taslimu zilipatikana wapi? Kwa mlowezi. Babu alikwenda Molo mwishoni mwa miaka ya 1920 akiwa na kipande shingoni, akakuta farasi.

Huko Uingereza, kupura kwa mkono kulidumu hadi karne ya 19. Andrew Meikle, fundi wa Scotland, alikuwa ameunda mashine ya kupuria miaka ya 1780, na taratibu ikaenea mashambani. Mashine ilimaliza kwa wiki kazi ambayo ingewalisha vibarua kutoka Novemba hadi Machi. Mwishoni mwa Agosti 1830, huko Kent, vibarua walianza kuzivunja mashine hizo, na moto ukaenea kaunti kwa kaunti kusini na mashariki. Barua za vitisho zilitiwa saini ya "Captain Swing", mtu ambaye hakuwapo. Walionyongwa walikuwa 19, na karibu 500 walisafirishwa ng'ambo kama wafungwa, wengi wao Australia. Basi ukisema ghala, hadithi hii yote haina pa kuingilia. Nani apigane kwa sababu ya ghala? Walipigania sakafu ya kupuria.

Sasa twende kwa farasi, maana hapo ndipo "zizi" linapochechemea zaidi.

Katika Kiswahili zizi ni la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ni ua wenye samadi, miiba na mlango wa magogo. Halina dharau ndani yake, lakini halina cheo pia. Neno la Kiingereza "stable" limetoka Kilatini, kwenye kitenzi cha kusimama: ni mahali pa kusimama. Zamani lilifaa kwa mnyama yeyote, kisha likamwelekea farasi peke yake, na farasi akapanda cheo pamoja na jengo lake. Mkuu wa mabanda ya farasi katika dola ya Warumi wa baadaye aliitwa kwa Kilatini "comes stabuli". Mtu huyo akawa afisa mkubwa wa wafalme wa Ulaya. Baada ya karne nyingi za kushushwa daraja, jina lake likawa la askari wa kawaida wa Uingereza, na meli ikalileta kwetu. Msomaji, huyo ndiye konstebo. Konstebo anayekusimamisha pale Gilgil kukagua leseni anabeba jina la mkuu wa banda la farasi. Neno "marshal" nalo lilianza likiwa na maana ya mtumishi wa farasi, yaani saisi. Babu yangu na majenerali wa Ulaya ni wa kabila moja la maneno. Ningependa kumwona akilisikia hilo.

Na sisi je? Msamiati wa farasi katika Kiswahili si haba hata kidogo. Tuna hatamu, lijamu, tandiko, hori. Maneno haya yalikuwa pwani kabla ya mlowezi yeyote. Lakini angalia yalikokwenda. Hatamu zimehamia siasa. Kila gazeti, hili likiwamo, huandika kwamba fulani ametwaa hatamu za uongozi, na sidhani mmoja kati ya wahariri 10 amewahi kushika hatamu yenyewe. Hori limebaki kwenye Krismasi. Hapo napo tumejiongezea: kila Desemba tunahubiriwa kuhusu zizi la Bethlehemu, ilhali Injili ya Luka inataja hori tu. Zizi tumelijenga sisi, na Waingereza nao wamejenga "stable" yao, kila mtu na seremala wake.

Ingefaa nikumbushe kwamba farasi si mkazi wa awali wa shamba la Kiingereza. Enzi za Watempla, plau zilivutwa zaidi na maksai. Farasi wa kazi aliwapokonya nafasi polepole, na kufikia karne ya 19 yeye ndiye aliyekuwa injini ya mashariki ya Uingereza. Kaunti ya jirani, Suffolk, ina aina yake ya farasi wa kazi, mnene, mwekundu wa hudhurungi, aitwaye Suffolk Punch. Banda lake lilikuwa na hori, kimia cha nyasi kavu ukutani, vigingi vya kutundikia lijamu na mikanda, na juu yake chumba cha malisho, ambacho sakafu yake ilikuwa na tundu la kudondoshea nyasi moja kwa moja mbele ya mnyama. Joto la farasi lilipanda juu. Katika mashamba mengi, vijana wa kazi walilala hukohuko.

Tunayajua maisha ya ndani ya mabanda hayo kwa sababu ya mtu mmoja aliyeuliza. George Ewart Evans alikuwa mwandishi kutoka Wales. Mwaka wa 1948 alihamia kijiji cha Blaxhall, Suffolk, ambako mkewe alikuwa mwalimu wa shule. Hakuwa na kazi ya kudumu, basi akawa anakaa na majirani wazee na kuwasikiliza. Akagundua kwamba maneno yao, yaliyoonekana kuwa ya kishamba, yalikuwa ya kazi zilizofanywa kwa mikono kwa karne nyingi, na kwamba trekta lilikuwa linazifuta mbele ya macho yake. Kitabu chake cha 1956 kuhusu kijiji hicho, na kingine cha 1960 kuhusu farasi wa kulima, vilitokana na mazungumzo hayo. Wazee walimweleza jinsi mkuu wa farasi alivyoamka kabla ya mapambazuko kuwalisha wanyama wake. Walimweleza pia kwamba asubuhi, kwenda plau, yeye ndiye aliyetangulia kutoka bandani, kisha wa pili, kisha wa tatu, na ole wake kijana aliyeivuruga safu. Jengo linaweza kukuonyesha mlango, bwana, lakini haliwezi kukwambia nani alitangulia kuupita.

Baraza la Kaunti ya Essex lilinunua Cressing mwaka wa 1987, na siku hizi watu hufunga harusi ndani ya mabanda yale. Sina ugomvi na harusi. Paa linalotumika halivuji.

Nilipomaliza kusahihisha kurasa za mwanafunzi, palibaki sehemu moja tupu: kile chumba cha malisho kilicho juu ya farasi. Yeye alikuwa ameandika "ghorofa ya zizi". Mimi sikuwa na neno bora. Nikampigia simu shangazi yangu, aliye na zaidi ya miaka 80 na aliyezaliwa kwenye shamba lile la Molo. Nilimuuliza pale juu babu alipaita nini.

"Darini," akasema papo hapo. "Leta nyasi toka darini. Ndivyo alivyosema kila jioni."

Nikashangaa. Dari kwa maana hiyo ya chumba cha juu ni Kiswahili cha watu wa pwani. Bara tunalijua kama kile kipande cha mbao kinachofunika boriti za paa. Nikamuuliza babu alilitoa wapi.

"Kwa saisi mkuu. Alikuwa mtu wa Lamu. Wote walisema hivyo. Kwani wewe si ndiye mwalimu wa Kiswahili?"

Nikanyamaza, naye akaendelea. Alinitajia jina la mkoba wa shayiri, la brashi ya kusugulia, na la ule mkanda wa tumboni, maneno matatu ambayo sijayakuta katika kamusi yoyote niliyo nayo kabatini. Nilikuwa ndani ya matatu na sikuwa na kalamu. Nimemwahidi kwamba Jumapili nitafika na daftari. Akasema nije mapema, kwa sababu baada ya chakula cha mchana huwa analala, na nimletee sukari.

Mwanafunzi naye amerudishiwa kurasa zake. Pale palipoandikwa "ghorofa ya zizi" sasa pana neno moja, na pembeni nimeandika limetoka kwa nani.